Upande wa Dirisha

Kamera iliwahi kushindwa na njia hii kabla reli haijatajwa na mtu. Mwaka 1860 mpelelezi James Grant aliondoka Bagamoyo pamoja na John Speke kuelekea Kazeh, kama wageni wa enzi hizo walivyoyaita makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu pale Tabora. Katika mizigo yao mlikuwa na kamera, sahani za kioo na chupa za dawa. Unguja Grant alikuwa amepiga picha zake bila taabu. Bara lilimgeukia. Sahani ilitakiwa ipakwe dawa, ipigiwe picha na kusafishwa papo kwa papo, ndani ya kihema kilichozibwa mwanga usipenye, na kihema hicho juani kilikuwa tanuri. Speke aliona mwenzake atamfia humo kabla safari haijanoga, akaamua kazi ile iachwe. Grant akarudi kwenye penseli na rangi za maji. Kwa hiyo safari ile imetuachia michoro, na si picha.

Leo mtu anakaa dirishani mwa treni ya Reli ya Kati, simu mkononi, na kabla gadi hajapuliza filimbi ameshajaza picha za kituo kizima. Joto bado lipo, ila halimzuii. Zamani kidogo kilichomzuia kilikuwa woga: stesheni, daraja na karakana vilihesabiwa kuwa mahali pa kulindwa, na mwenye kamera shingoni aliweza kuulizwa maswali kabla ya kuulizwa tiketi. Simu zimeufifisha woga huo, ingawa mwenye busara bado humwona stesheni masta kabla ya kuelekeza lenzi kwenye daraja. Basi picha tunazo, maelfu kwa maelfu: kibao cha kituo chenye jina, mtoto na karai la mahindi, mkunjo wa behewa la mwisho, jua likizama nyuma ya miyombo. Na chini yake mara nyingi huandikwa kwamba hii ndiyo njia ya kale ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya pembe na watumwa.

Hapo ndipo ninaposita. Mwaka 2006 Tanzania iliwasilisha UNESCO, katika orodha ya mahali panapopendekezwa kuwa urithi wa dunia, njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na ikataja vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Chukua orodha hiyo, uiweke kando ya orodha ya stesheni kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Hakuna jina hata moja linalokutana. Katika vituo vyote sita, hakuna unachoweza kukipiga picha ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Treni inavipita vyote, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa nje kidogo au mbali kidogo ya fremu.

Si bahati mbaya. Wajerumani walianza kujenga reli Dar es Salaam mwaka 1905 kwa sababu bandari yake ina kina na imejificha kutoka baharini, wakati Bagamoyo ni ufuko wa maji mafupi, wa majahazi. Walipofika mwisho wa kazi mwaka 1914, kilomita kama 1,250 baadaye, waliichagua ghuba ya Kigoma badala ya ufuko wa Ujiji kwa hoja ileile: meli za chuma zinataka kina na kinga. Katikati, mhandisi alitafuta mteremko ambao kichwa cha treni kingeuweza. Kiongozi wa msafara alitafuta vitu vingine kabisa: kisima, mtama wa kununua, na mtemi ambaye hongo yake, yaani ushuru wa kupita, ingelipika. Mpagazi mwenye frasila mbili begani, yaani kilo kama 32, hupanda mlima ambao gari moshi hukwepa. Kwa hiyo njia mbili zilizoanza mahali pamoja na kuishia mahali pamoja ukiziangalia kwenye ramani ya ukutani, ukizikaribia unaona zimeachana.

Tena kuna ratiba. Kwa mazoea ya miaka mingi treni ya bara huondoka Dar es Salaam mchana umeenda au jioni. Morogoro inakuta giza, Kilosa inapita usingizini, na safu za milima ambazo bonde la Mkondoa linapenya kati yake, labda mandhari bora kuliko yote ya safari, hupitwa na abiria waliofunga vioo wakikimbia mbu. Mwenye kamera huamka karibu na Dodoma, nchi ikiwa tayari kavu na ya mwanga mkali. Ukizikusanya picha za wasafiri wengi wa treni ya kwenda magharibi, utaona nchi yenye tundu kubwa mahali palepale. Ndiyo maana wapiga picha, peke yao kati ya abiria wote, wana siri ya aibu: treni ikichelewa wanafurahi kimoyomoyo. Saa sita za kuchelewa humaanisha Gulwe asubuhi.

Na Gulwe asubuhi ni ya kutamaniwa. Mto uko kando ya tuta, mchanga mpana mweupe wakati wa kiangazi, na wakati wa masika mto huohuo huja kudai nafasi yake. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yalizoa tuta kati ya Kilosa na Gulwe, treni za abiria zikakatika kwa miezi. Anayepiga picha pale huelekeza kamera mtoni, kushoto na kulia, kwenye mataruma mapya na kokoto mpya. Hakuna anayepiga picha ya barabara ya vumbi inayoondoka stesheni kwenda kaskazini. Ni barabara ya kawaida, ina bodaboda na punda. Lakini kilomita zisizozidi 20 mbele yake iko Mpwapwa, ambapo kila msafara ulipumzika, ukanunua chakula na kujaza maji kabla ya kuingia nyika ya Marenga Mkali na Ugogo. Mji ulioulisha msafara ulirukwa na reli, na kituo kikajengwa mahali ambapo msafara haukuwa na haja ya kukaa. Mimi huipiga picha barabara ile. Haina uzuri wowote, na ukinionyesha bila maelezo ningeifuta.

Baada ya Dodoma, njia ya misafara na reli zimeshabadilishana upande. Vituo vitatu vya kwanza, Bagamoyo, Mamboya na Mpwapwa, viko kaskazini ya reli. Vitatu vya mwisho viko kusini yake. Maana yake kuna mahali fulani Ugogo ambapo treni inaikata njia ya zamani kama mtu anayevuka barabara bila kuangalia. Hakuna kibao. Pengine ni kwenye mashamba ya uwele, pengine kwenye korongo lisilo na jina linalojulikana na mtu wa mbali. Wagogo walitoza hongo karibu kila siku mbili za mwendo, vitambaa na shanga, na vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa manung'uniko juu ya hongo hiyo. Sijawahi kuyaonea huruma sana manung'uniko yale. Msafara wa watu mia kadhaa ulikunywa kisima cha kijiji kwa usiku mmoja katika nchi ambayo mvua ni ya kubahatisha. Ukitoza maji utaitwa mkorofi na aliyeyanywa.

Kisha treni inaupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya Makutupora na Saranda. Hapa ndipo kila mtu anaamka. Reli inajipinda mara kwa mara ili iupate mteremko, na aliye behewa la nyuma anaweza kukiona kichwa cha treni yake mwenyewe kikitokeza upande mwingine wa kona, kikiunguruma polepole. Picha hiyo kila mtu anayo, na sioni ubaya wa kuwa nayo. Saranda kwenyewe kuna wali, kuku, chai ya rangi, na makelele ya kuuza haraka. Juu ya ukingo huohuo, upande wa kusini, si mbali, ndipo ilipo Kilimatinde. Msafara ulipanda ukingo kwa miguu na kuiona Ugogo yote nyuma yake, kahawia na tambarare hadi macho yanapokoma. Abiria wa treni anaonyeshwa mandhari hiyohiyo kwa vipande, kati ya ukuta wa mwamba na ukuta wa mwamba, na wakati huo ana mkono mmoja kwenye sahani ya wali.

Manyoni, Itigi, halafu kichaka. Wapagazi waliiita nchi hii Mgunda Mkali. Ni kichaka kizito cha miti mifupi, kimesukana hata mbuzi anapita kwa kujikuna, na reli inakikata kwa mistari mirefu iliyonyooka. Kwa saa nzima picha ya kwanza na ya mwisho hazina tofauti. Abiria huweka simu kwenye chaji, kama behewa lina chaji, na kulala. Hapo msafara uliogopa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa kulikuwa na siku bila kijiji na bila maji ya uhakika. Ndipo ilipotumika tirikeza: unaondoka mchana jua likiwa bado kali, unatembea hadi usiku, unalala bila kupika, unaamka alfajiri na kukimbilia kisima kabla jua halijakupata tena. Wengi walibaki hapo, na waliokuwa wamefungwa minyororo hawakuulizwa kama wanaweza kuendelea. Nimejaribu kufikiria picha ya kiu na sijaipata. Kichaka kinatoka vizuri kwenye picha. Ni kijani, kina vivuli. Ajabu ni kwamba mandhari inayomchosha mpiga picha kuliko zote ndiyo iliyokuwa na uzito kuliko zote katika safari ya miguu, na sijui kamera ifanye nini na hilo zaidi ya kukubali kuchoka nayo. Piga picha kumi za kichaka, zisizotofautiana, uzipange mfululizo. Atakayezitazama atachoka, na huo utakuwa mwanzo wa kuelewa.

Tura ni mlango wa Unyamwezi, na ulikuwa mlango hata wakati wa misafara. Kuanzia hapo miti inarefuka na kuachana. Ukipita mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua haijanyesha, miyombo inatoa majani mapya mekundu, ya shaba, ya waridi, na mgeni anadhani msitu unakauka kumbe unazaliwa. Kati ya miti kuna mizinga ya magome iliyotundikwa juu, na hiyo nayo huwezi kuipata kwenye picha ya treni inayokwenda. Unaiona ukiwa umeshaipita. Asali yenyewe ndiyo inayokuja dirishani. Inakuja katika chupa zilizokuwa za maji na za konyagi, nyeusi au ya dhahabu, pamoja na matobolwa ya viazi vitamu, karanga na uyoga kwa msimu wake.

Katika kituo kimoja cha njia hiyo, treni ikisubiri kupishana na ya mizigo, nilimpiga picha mama mmoja aliyeinua chupa mbili juu ya kichwa chake kufikia dirisha letu.

"Mwanangu," akasema, "umeshanichukua, sasa chukua na asali."

"Shikamoo, mama. Bei gani?"

"Marahaba. Kwanza nambie, hiyo picha utamwonyesha nani?"

"Watu wa Dar."

"Basi waambie ni ya msituni, haijatiwa sukari. Usije ukanipeleka Dar bila jina la asali yangu."

Nikachukua chupa zote mbili. Nilipoitazama picha baadaye niliona jambo ambalo liko katika karibu picha zote za stesheni ndogo: mimi niko juu, yeye yuko chini. Behewa liko juu, jukwaa hakuna au ni tuta la changarawe tu, na kila muuzaji anaonekana amekunja shingo kumtazama mnunuzi. Si kosa la mtu, ni kimo cha magurudumu. Lakini albamu nzima ya nchi iliyotazamwa kutoka juu, watu wake wote wakiwa wameinua nyuso na mikono, inasema neno ambalo mpiga picha hakukusudia. Dawa yake ni nyepesi, nayo ni kushuka. Kupishana hakuishi mapema.

Tabora ndipo pa kushuka hasa. Kati ya miji yote mikubwa ya njia ya msafara, ni huu peke yake ambao reli iliukubali. Ilifika mwaka 1912, na haikuwa na hiari: njia za misafara ziligawanyika hapa, moja kwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine kusini-magharibi, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wa nchi nzima. Reli nayo ikagawanyika palepale. Waingereza wakaongeza tawi la Mwanza lililokamilika mwaka 1928, na baadaye tawi la Mpanda likachomoza kutoka Kaliua. Hadi leo treni hupanguliwa Tabora: mabehewa ya Kigoma huku, ya Mwanza kule, kichwa kikienda na kurudi, vibendera na taa, abiria wa daraja la tatu wakiulizana kama behewa lao bado ni lao. Stesheni ya Kijerumani yenye paa la kuchongoka inasimama juu ya yote hayo, na watu huipiga picha yenyewe tu, wakisubiri watu waondoke mbele yake. Ningesubiri kinyume chake. Jengo haliondoki.

Kwihara iko kusini-magharibi ya mji, kilomita chache, na bodaboda anakufikisha kabla jua halijapanda. Ni tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, ua katikati. Lililopo sasa limejengwa upya, na linaitwa kwa jina la mmisionari Livingstone. Stanley, mwandishi wa habari, alikaa hapo mwaka 1871 akiwa njiani kumtafuta. Wakarudi wote wawili mwanzoni mwa 1872. Stanley akaondoka Machi, na mzee akabaki akisubiri wapagazi aliotumiwa kutoka pwani hadi Agosti. Jina la nyumba limekwenda kwa mpangaji wa miezi michache. Majina ya wenyeji wa Unyanyembe, eneo hili la Tabora, na ya wafanyabiashara waliojenga matembe yale yanatajwa kwa pumzi ya pili, kama yakitajwa. Ukipiga picha ukiwa uani utapata mwanga mzuri sana saa za asubuhi, mstari wa kivuli ukikata ukuta mwekundu. Hutapata dalili ya waliofungwa ua kama huo, na sidhani ni vizuri kuutengeneza mwanga uonekane kana kwamba wapo.

Waliopigwa picha walipigwa kwingine. Katika Unyanyembe hiyohiyo, mwaka 1871, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa Stanley mtoto mtumwa awe zawadi. Mtoto aliitwa Ndugu M'Hali. Stanley akamwita Kalulu. Mwaka uliofuata mtoto yule alikuwa London, studioni, amesimama kando ya Stanley aliyevaa mavazi ya safari, bunduki mkononi, nyuma yao pazia lililochorwa mandhari ya Afrika. Picha zile ziliuzwa na kusambaa. Nadhani ndiyo picha mashuhuri kuliko zote za njia ya Tabora katika karne ile, na hakuna ndani yake punje moja ya udongo wa Tabora. Kalulu hakuzeeka, alizama katika maporomoko ya mto Kongo mwaka 1877, katika safari nyingine ya Stanley.

Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, nao wana picha, iliyopigwa Uingereza mwaka 1874. Kabla ya hapo walikuwa wameubeba mwili wa Livingstone kutoka nchi ambayo sasa ni Zambia, wakafika Unyanyembe Oktoba 1873, wakamkuta Luteni Cameron ambaye aliwashauri wamzike hapohapo. Walikataa. Mbele ya safari, waliposikia kwamba njia haitapitisha maiti, waliufunga upya mwili ufanane na robota la kitambaa, wakaupitisha machoni pa watu kama mzigo wa kawaida. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Kama Grant angeweza kuvumilia hema lake na kuwaachia wenzake ufundi huo, na kama mtu angekuwa na kamera siku ile kandokando ya njia, angepiga picha ya watu waliobeba robota na asingejua amepiga nini.

Reli ilipata picha yake ya msafara mara moja tu, kwa njia ya ajabu. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wakiwa wamezingirwa na wamekosa sarafu, walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 katika karakana ya reli karibu na Tabora, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja wakachonga tembo mbele ya mlima. Pembe ndizo zilizoileta njia, njia ndiyo iliyoleta reli, na mafundi wa reli wakamaliza kwa kumchora mwenye pembe. Wabelgiji waliingia mjini tarehe 19 Septemba mwaka huohuo. Leo sarafu hizo zimo mikononi mwa wakusanyaji, na wao huzipiga picha vizuri kuliko sisi tunavyopiga stesheni.

Magharibi ya Tabora treni inakwenda Urambo moja kwa moja, jambo ambalo Stanley hakuweza. Mwaka 1871 mtemi Mirambo alikuwa ameifunga njia hii. Waarabu wa Tabora walikwenda kupigana naye, Stanley akiwa nao, wakashindwa, na mwandishi wa habari akalazimika kuzunguka mbali kusini ndipo afike Ujiji. Dirisha la Urambo linakuonyesha mabani ya tumbaku, moshi mwembamba, mashamba ya karanga. Karanga hizo ni za wakulima wenyewe. Mpango wa Karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa matrekta na majigambo, ulikuwa na shamba hapa pia na ukafa kabla ya 1951 kwisha. Kaliua, Usinge, Nguruka na samaki wa Malagarasi, kisha daraja, kisha Uvinza na chumvi yake, iliyochemshwa kutoka chemchemi zilezile kwa zaidi ya miaka elfu. Uvinza nina picha nyingi na sina nzuri. Chumvi ni nyeupe, jua ni jeupe.

Kigoma reli inaishia karibu na maji, na kila mtu anapiga picha stesheni ile kubwa ikitazama ghuba, nami pia. Ujiji iko kusini, kwa daladala. Na hata huko fremu inakukimbia: mnara wa mahali walipokutana Livingstone na Stanley uko mbali na ziwa, kwa sababu maji yamerudi nyuma tangu miaka ile, na mwembe wa awali ulikufa zamani; iliyopo inasemekana ni vizazi vyake.

Nayaandika haya wakati reli nyingine inalazwa. Treni ya umeme imeshaanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Rais Samia aliizindua rasmi tarehe 1 Agosti 2024. Kipande cha Makutupora hadi Tabora kimo katika ujenzi, na vya mbele yake hadi Mwanza na Kigoma vimepewa wakandarasi. Naisubiri kama kila mtu mwenye ndugu bara anavyoisubiri, maana aliyelala kwenye benchi la daraja la tatu usiku mbili hahitaji kuhubiriwa uzuri wa mwendo wa pole. Lakini vioo vyake havifunguki, njia yake imezungushiwa uzio, na haisimami kusubiri kupishana mahali penye asali. Reli ya zamani, ya upana wa mita moja, iliifanya Mpwapwa kuwa jina la barabara ya pembeni. Vituo vyake yenyewe, Goweko, Igalula na wenzao, sasa viko kwenye zamu hiyo. Atakayepanda treni ya umeme hadi Tabora atapiga picha kupitia kioo, ataona uso wake mwenyewe umeingia juu ya miyombo, na chini ya picha ataandika kwamba hii ndiyo reli ya kale ya Wajerumani.

Kwa anayekwenda sasa, kabla hayo hayajafika, nina neno moja la kiufundi kuhusu kiti. Ukitoka Dar es Salaam kaa upande wa kulia. Bagamoyo, Mamboya na Mpwapwa viko huko, hata kama ni usiku na huoni kitu. Dodoma, abiria wakishuka na nafasi zikipatikana, hamia kushoto ukae hukohuko hadi Kigoma: Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Mwenye kiti akikugomea, mnunulie chai ya Saranda.